Mwaka wa Kompyuta ya Kwaya

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Jumanne, katika ofisi moja ndogo huko Kisongo, mzee wa Kimasai alikohoa katikati ya sentensi, na mwanamke aliyeketi mbele ya kompyuta akakiondoa kikohozi chake. Nakumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimeitazama muda huohuo, nijue nimetumia dakika ngapi kutengeneza deki ya kaseti iliyonipeleka pale. Mzee mwenyewe hakuwapo. Ilikuwa sauti yake tu, iliyorekodiwa siku nyingi kabla, na yule dada alikuwa mtafiti wa lugha kutoka Dar es Salaam. Kwenye skrini sauti ya mzee ilionekana kama safu ya vilima vidogo, na kikohozi kilikuwa kilima kimoja kirefu chenye ncha. Akakipaka weusi, akabonyeza kitufe, vilima vya kushoto na kulia vikasogea vikagusana. Akairudia sauti. Mzee akasema sentensi yake mpaka mwisho bila kukohoa. "Kimekwenda wapi?" nikauliza. Dada akacheka. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, fundi. Wengi huuliza bei." Nikamuuliza na bei. Kisha nikamuuliza mambo mengine kumi na mawili, na majibu yake nikayaandika nyuma ya risiti yangu mwenyewe, mpaka nikakosa karatasi ya kumwandikia malipo ya deki.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Naomi kwenye migomba yake, juu ya Tengeru. Baada ya chakula vijana wa usharika waliweka spika uani wakapiga nyimbo za zamani za kwaya, na wimbo wa nne ukawa wa kaseti yetu ya kwanza. Nilisimama na sahani ya pilau mkononi nikasikiliza nyuma ya waimbaji, kama ninavyosikiliza kila kitu, nikitafuta mngurumo. Haukuwapo. Waliokuwa karibu nami walisikia wimbo. Mimi nilisikia kimya kilichokuwa nyuma ya wimbo. Nina miaka hamsini na miwili, na nimefunga mitambo ya sauti makanisani, kumbini na hotelini kutoka Usa River hadi Karatu. Kazi hii sikuisomea chuoni. Niliisoma kwa mwaka mmoja tu wa ujana, na sehemu kubwa ya masomo hayo ilikuwa sebuleni kwa mama yule tuliyemzika. Siku hiyohiyo ya maziko binti yake, Naomi, aliniambia jambo ambalo sikulijua. Nitaliandika mahali pake, kwa sababu likija mapema litaharibu hesabu ya mengine.

Mwaka ule nilikuwa fundi redio Kijenge, katika chumba chenye dirisha moja na meza mbili. Soko huria lilikuwa limeshaingia mpaka kwenye meza zangu. Redio mpya kutoka Dubai iliuzwa mjini kwa bei iliyokaribia gharama ya kutengeneza ya zamani, na wateja walikuwa wakiniletea redio mbovu, wakisikia gharama, wakaniachia kabisa. Rafu zangu zilijaa redio zisizo na wenyewe. Wakati huohuo vituo vipya vya redio vilikuwa vinaanza kusikika, na kila kwaya iliyopata kaseti ilisikika nyumbani kwa watu hata siku za kazi. Kwaya yetu haikuwa na kaseti. Ilikuwa na waimbaji ishirini na wanne, kinanda kimoja, na mfuko uliochangwa kwa miezi kumi na tisa ili tukarekodi Nairobi, kama walivyofanya wenzetu wote. Mfuko huo aliushika Mama Naomi, mweka hazina, mjane aliyeishia darasa la nne, ambaye aliweza kukuambia bila kufungua daftari ni nani alichanga Jumapili ipi na nani aliahidi tu.

Kamati ilikutana sebuleni kwake. Ilikuwa nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe, na hakuna kitu ndani ya sebule kilichokuwa uchi: makochi, redio, chupa ya chai, hata saa ya mezani, vyote vilivaa vitambaa vyeupe alivyovifuma kwa mkono. Tulikula loshoro kwanza, mahindi kwenye maziwa ya mgando, kwa sababu Mama Naomi hakuruhusu mabishano kwa watu wenye njaa. Kisha Mwalimu Kaanaeli, aliyefundisha kwaya, akasoma makadirio ya Nairobi: basi, malazi, chakula, studio siku mbili. Jumla ilikuwa shilingi milioni moja, laki mbili na elfu sitini. Nikainua mkono. Nikawaeleza juu ya kikohozi cha yule mzee. Nikasema kwa nusu ya fedha zile tunaweza kununua mashine ileile, tukarekodi hapahapa, na mwakani tukarekodi tena bila kuchanga.

"Kompyuta?" akasema Mwalimu Kaanaeli. "Fundi, ile ni ya kuandikia barua."

"Inarekodi, Mwalimu. Nimeona."

"Umeona inakata kikohozi. Sisi hatuna kikohozi, tuna nyimbo kumi."

"Sauti ya pili wana kikohozi," akasema mmoja wa wazee wa besi, na wanakamati wakacheka mpaka Mwalimu naye akacheka. Lakini alipomaliza kucheka aliniuliza swali la haki. Je, isipofanya kazi? Nikasema nitauza mita yangu ya kupimia umeme, vifaa vyote na redio zote zilizo kwenye rafu, na nitarudisha fedha. Akanitazama kwa huruma. Alijua kama mimi nilivyojua kwamba vitu vile vyote havikufika hata robo.

Ndipo Mama Naomi, aliyekuwa akikusanya bakuli, akasema amesimama, "Mimi namdhamini."

"Mama, unadhamini kitu usichokijua," akasema Mwalimu.

"Kitu sikijui. Fundi namjua. Alitengeneza redio yangu akanirudishia skrubu iliyobaki ndani ya karatasi." Akaweka bakuli chini. "Kaseti isipokuwepo kabla ya Krismasi, mfuko huu mtafutieni mtu mwingine. Miaka kumi na moja ya kushika hazina inatosha."

Kwa mwanamke wa pale, kuachia hazina ya kwaya kwa aibu kungezungumzwa kwenye kila kisima mpaka wajukuu. Nilirudi Kijenge jioni ile nikijua kwamba sinunui tena mashine ya kuridhisha udadisi wangu. Ninanunua jina la mtu.

Nilitumia wiki tano kuchagua. Watu wengi siku zile walichagua kompyuta kama wanavyochagua ng'ombe sokoni, kwa ukubwa na kwa kung'aa. Mimi nilianza na hesabu. Yule dada wa Kisongo alinieleza kwamba dakika moja ya sauti safi kwa kipaza sauti kimoja inakula takriban megabaiti tano. Nyimbo kumi za dakika tano, kwa njia nne za sauti, zilikuwa megabaiti elfu moja. Nikazidisha mara tatu, kwa kuwa niliijua kwaya yetu na sikutarajia wapatie mara ya kwanza. Kwa hiyo nilihitaji diski ya gigabaiti nne, na diski hiyo ilikuwapo hata kwenye mashine zilizotumika. Kasi ya prosesa, ambayo kila muuzaji alianza nayo, ilikuwa na maana ndogo kwangu. Kuimba hakuna haraka. Jambo ambalo hakuna aliyeweza kunijibu lilikuwa kadi ya sauti, kile kibati kidogo ndani ya mashine kinachogeuza sauti kuwa namba. Kwenye redio nilikuwa nimejifunza kwamba kifaa kibaya hakisemi uongo kwa sauti kubwa. Kinanong'ona muda wote, na unakisikia watu wakinyamaza.

Bwana Salimu alikuwa na duka la vitu vya Dubai karibu na soko kuu, jirani na mashine ya kusaga. Alikuwa mtu mchangamfu, aliyeita kila mteja kwa kazi yake. Alinionyesha kompyuta nyeupe mpya, yenye skrini pana na spika mbili. "Laki nane na tisini, fundi, na hapo nimeshajikata mkono. Hii ina kasi kama ya gari la mashindano."

"Nikirekodi kwaya, inakwenda wapi na kasi yote hiyo?"

"Inakwenda Nairobi inarudi kabla hamjaimba amina."

Nikafungua mfuko wangu. Nilikuwa nimekuja na kipaza sauti, waya na hedifoni. Nikamwomba ruhusa ya kurekodi kwenye kila mashine aliyonayo. "Utarekodi nini?" akauliza. Nikamwambia sitarekodi chochote. Nitafunga njia ya kipaza sauti, nitarekodi dakika moja ya bure, kisha nitaikuza sauti hiyo mpaka mwisho nisikie kilichomo. Akaita jirani yake wa duka la vitenge. "Njoo uone, Mama Shufaa! Nimepata mteja anayenunua kimya!" Mama Shufaa akaja, akavaa hedifoni, akafumba macho kwa umakini, akasema, "Mbona kina nyuki?" Alikuwa sahihi. Mashine nyeupe ya laki nane na tisini ilikuwa na nyuki. Ya pili ilikuwa na mluzi. Ya tano, iliyokuwa chini ya meza, ya rangi ya uji, imechubuka ubavu na imetumika miaka mitatu kwenye ofisi ya watu wengine, haikuwa na kitu ndani yake. Nilikaa na kimya kile masikioni kwa dakika nzima, nikafurahi kama mtu aliyeona chemchemi. Salimu alinipunguzia mpaka laki tano na sitini. "Chukua," alisema. "Nikimwambia mtu kwamba fundi ameacha ile akachukua hii, atadhani nimekuroga."

Nikaongeza vipaza sauti viwili vilivyotumika, nyaya na kidhibiti umeme. Jumla ikawa laki sita na elfu themanini. Niliandika kila kitu kwenye daftari nikampelekea Mama Naomi, naye akakagua mistari kwa kidole, akatia sahihi, kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa kipya kilichofumwa kwa vipimo nilivyokuwa nimempa bila kujua anavitakia nini. Akaifunika mashine. Ilipendeza. Nikaiacha hivyo; ubaya wa kuifunika sikuujua bado.

Kosa langu lilijitokeza Jumamosi ya kwanza ya kurekodi. Tulitoa makochi uani, tukatundika magodoro na mablanketi ukutani, waimbaji wakapangwa nusu duara. Wakaimba vizuri. Nikawasikilizisha. Nyuma ya kwaya, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kulikuwa na mvua. "Kunanyesha wapi?" akauliza Mwalimu Kaanaeli, na nje jua lilikuwa kali. Ilikuwa feni, ile inayopooza mashine kwa ndani. Wiki tano nilikuwa nimesikiliza kelele za umeme kwa hedifoni, kando ya mashine ya kusaga, na mahali pale masikio yangu hayakuweza kusikia feni hata kama ingekuwa ya helikopta. Nilikuwa nimechagua mashine tulivu kuliko zote, katika mtaa wenye kelele kuliko yote, kwa ajili ya nyumba tulivu kuliko zote nilizozijua.

Nilifanya ambalo mtu yeyote wa nyumba zetu angelifanya. Niliifunika. Tuliiingiza kwenye kabati la vyombo, na kitambaa chake, nikaizungushia blanketi mbili, tukafunga milango. Mvua ikaisha. Tukarekodi wimbo wa kwanza na wa pili, nyuso zikakunjuka, mzee wa besi akasema Nairobi watufuate huku. Katikati ya wimbo wa tatu skrini ikawa nyeusi. Nilifungua kabati na joto likanipiga usoni. Nilipogusa ubavu wa mashine niliondoa mkono haraka. Mwalimu Kaanaeli, ambaye angeweza kusema mengi, alisema tu, "Tarehe zinakwenda, fundi," akatoka kuwaambia waimbaji wakapumzike. Mama Naomi alibaki. Aliweka kiganja juu ya blanketi, kisha ndani, kama anayepima paji la uso la mtoto.

"Umeivundika," akasema.

"Nini, mama?"

"Ndizi mbichi unafanyaje ziive? Unazifunika, zinajitengenezea joto zenyewe. Hii nayo umeivundika. Na mimi nikakusaidia na kitambaa changu." Akakitoa, akakikunja. Hakuifunika tena mashine siku zote nilizomjua, ingawa redio yake iliendelea kuvaa.

Tulisubiri saa mbili. Nilikaa kwenye ngazi nikahesabu upya ni kiasi gani vifaa vyangu vingeuzwa. Ndani, nikamsikia Mwalimu akimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, ukitaka, nitasema kamati nzima ilikubali. Si lazima liwe lako." Naye akajibu, "Nilisema lipi, Mwalimu? Basi ni hilohilo." Saa kumi kasoro robo niliiwasha. Ikawaka. Nyimbo mbili zilikuwapo, wa tatu ulikuwa umepotea. Kwa hiyo swali lilikuwa limebaki moja, na lilikuwa swali zuri, la aina ninayoipenda mpaka leo: mashine inataka hewa, kipaza sauti kinataka kimya, na vyote viwili vimefungwa kwa waya mmoja. Basi waya urefushwe. Mashine isikae chumba kimoja na sauti.

Nyuma ya sebule kulikuwa na stoo. Kati yake na sebule ulikuwapo ukuta wa mbao tu, na mbao zilikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Nilichomelea nyaya ndefu, nikazipitisha kwenye ufa, nikaiweka mashine stoo ikiwa wazi kabisa. Feni bado ilisikika, kwa mbali sana, kupitia mbao. Stoo ile ilikuwa na magunia sita ya kahawa ya maganda, yakisubiri mnunuzi, kwa kuwa miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, na kila mmoja na bei yake. Tukayapanga magunia kwenye ule ukuta, matatu chini na matatu juu. Nikarekodi dakika moja ya bure, safari hii vipaza sauti vikiwa wazi. Nikaikuza. Hakuna mvua, hakuna nyuki. Nilirudia mara tatu, kwa sababu sikuamini.

Tulirekodi Jumamosi tatu. Mimi stoo, na harufu ya kahawa na panya, nikiwa sioni kwaya nayo hainioni. Mama Naomi alisimama mlangoni, mahali alipoweza kutuona sote, na kanga mkononi. Nikiinua kidole aliinua kanga, wakaanza. Akiiteremsha, hakuna aliyevuta pumzi mpaka niseme tayari. Siku ya pili alimzuia mjumbe wa nyumba kumi mlangoni kwa dakika sita nzima kwa kumkunjia uso tu, akamwamkia baada ya amina. Ni katika Jumamosi hiyo, hedifoni moja ikiwa imetoka sikioni, nilimsikia mwanamume mmoja nyuma ya nyumba. "Mama, Jumatatu sitakuwa na bei hii." Na yeye akamjibu, "Njoo nikimaliza. Sasa haiwezekani." Mwanamume akaondoka akinung'unika. Mimi niliyeuliza kikohozi kimekwenda wapi, niliyemchosha mtafiti na muuzaji kwa maswali, sikuuliza yule alikuwa nani. Nilikuwa nasikiliza kimya.

Kaseti ilikuwa tayari siku tisa kabla ya Krismasi. Mwalimu Kaanaeli aliisikiliza yote, pande mbili, amesimama. Mwisho akaniambia, "Fundi, shikamoo," yeye aliyenizidi miaka ishirini, na watu wakapiga makofi na vigelegele. Kwaya ilibaki na shilingi laki tano na elfu themanini ambazo Nairobi ingezila, na Mama Naomi aliushika mfuko ule kwa miaka mingine kumi na sita. Kwa hesabu hiyo niliishi miaka yote hii. Nimewasimulia vijana wangu wa kazi mara nyingi, pamoja na laki tatu na thelathini nilizookoa kwa kuiacha mashine nyeupe ya Salimu.

Siku ya maziko, wimbo wetu ulipokwisha, Naomi alikuja kusimama karibu nami. Ni mama wa watu wazima sasa. "Kaka, nikisikia nyimbo hizi nasikia kahawa," alisema. Nikadhani anazungumzia harufu. Akacheka kidogo. Mwaka ule alikuwa kidato cha pili, na alikumbuka kwa sababu Januari alichelewa kurudi shule, ada haikutimia. Mnunuzi alikuja akitoa shilingi elfu moja mia moja na hamsini kwa kilo. Mama yake alimwambia magunia hayawezi kutoka, yanafanya kazi ya kwaya. Tulipomaliza, bei ilikuwa mia tisa na thelathini, na hakuna aliyetoa zaidi. "Mbona hakuniambia?" nikauliza. "Ungeyatoa," akasema Naomi. "Alisema fundi akijua atayatoa." Nilitafuta kalamu mfukoni, sikuwa nayo, nikafanya hesabu kichwani nikiwa nimesimama pale kwenye migomba. Magunia sita. Kilo hamsini kila gunia. Shilingi mia mbili na ishirini kila kilo. Shilingi elfu sitini na sita.